Maneno na asili yake: Neno "fast", yaani kusimama, kukimbia na kufunga



Wanafunzi wa sekondari, ambao hujifunza Kiingereza baada ya kukizoea Kifaransa, hulalamika mara nyingi kwamba lugha hiyo ina maneno mafupi yenye maana nyingi kupita kiasi. Malalamiko yao si ya bure. Juma hili twapenda kulichungua mojawapo la maneno hayo, nalo ni "fast". Lina herufi nne tu, nalo hutamkwa kwa pumzi moja. Lakini ndani yake mmekaa mambo yanayoonekana kupingana kama maji na moto.

Tuyatazame kwa utaratibu. Mwingereza akisema kwamba mtu anakimbia "fast", ana maana kwamba mtu huyo anakwenda mbio. Lakini askari akiamriwa kusimama "fast", asithubutu kuondoa hata mguu mmoja. Mlango ukiwa umefungwa "fast", hautikisiki. Mtoto akiwa amelala "fast", usingizi wake ni mzito, wala kelele za jirani hazimwamshi. Rangi ya kitambaa ikiwa "fast", haitoki kitambaa kifuliwapo, na mama zetu wanaochagua vitenge sokoni wanaijua thamani ya rangi ya namna hiyo. Saa ya ukutani ikiwa "fast", inautangulia wakati wa kweli. Rafiki akiitwa "fast", ni rafiki wa kudumu. Lakini kijana akiitwa "fast", wazazi wajihadhari, kwa maana ni mpenda anasa asiyejua kujizuia. Na mwisho, Mkristu akiwa katika siku ya "fast", huyo amefunga, amejinyima chakula kwa ajili ya Mungu.

Twaona basi kwamba neno hilo moja lamwamuru mtu asimame, tena lamwamuru akimbie. Lamtaja mwenye kujinyima, tena lamtaja asiyejinyima kitu. Je, haya ni maneno mbalimbali yaliyokutana kwa bahati, mfano wa watu wa koo mbalimbali wenye jina moja? La, sivyo. Ni watoto wa mama mmoja. Na jambo la kufurahisha ni hili: sisi tusemao Kiswahili tunao ufunguo wa fumbo hilo katika lugha yetu wenyewe.

Shina lake ni uimara

Katika Kiingereza cha kale, kile kilichosemwa kabla ya mwaka 1100, neno hili liliandikwa "fæst", na maana yake ilikuwa moja tu: kitu kilichokazwa, kilichothibitika, kisichotikisika. Nguzo iliyochimbiwa sana ardhini ilikuwa "fæst". Fundo lililokazwa vizuri lilikuwa "fæst". Ndugu zake wako hata leo katika lugha jirani: Wajerumani husema "fest", na katika Kiholanzi ni "vast". Hicho Kiholanzi ndicho wanachosema Wabelgiji wa upande wa kaskazini, ambako walitoka wamisionari wengi waliokuja Kongo zamani. Maneno hayo yote mawili yana maana ya kitu imara.

Kutoka katika shina hilo Waingereza wamepata kitenzi "fasten", yaani kufunga kitu kwa kamba, kwa kifungo au kwa mkanda. Anayesafiri kwa ndege hulisoma neno hilo mbele yake, akiambiwa afunge mkanda wa kiti. Wamepata pia "steadfast", ambalo ni jina la mtu thabiti, asiyegeuzwa na kila upepo. Na baharia afikapo bandarini huambiwa aifanye mashua yake kuwa "fast", yaani aifunge. Wavuvi wetu wa ziwa Kivu na wa ziwa Tanganyika hawahitaji maelezo marefu hapa. Mashua isiyofungwa vema jioni, asubuhi haipo.

Mtakatifu Paulo, katika barua yake ya kwanza kwa Wathesalonike, sura ya 5, anawaonya Wakristu wapime mambo yote, kisha walishike lililo jema wasiliachie. Wafasiri wa Biblia ya Kiingereza, walipotafuta neno la kuonyesha mshiko huo usiolegea, walilichagua neno letu hili, "fast". Mwanafunzi asidhani basi kwamba Mtume anawataka watu wa Thesalonike washike upesi. Anawataka washike sana.

Jinsi kusimama kulivyozaa mbio

Hapo ndipo wanafunzi wanapouliza: ikiwa neno hili asili yake ni kukaa imara, mbio zimetoka wapi?

Zimetoka katika nguvu. Katika Kiingereza cha kale, mtu aliyeshika kitu "fast" alikishika kwa mkono uliokazwa. Aliyepigana "fast" alipigana kwa nguvu, bila kulegea. Baadaye, kufika karne ya 13 na ya 14, watu walikuwa wakisema pia kwamba mtu anakimbia "fast", yaani anakimbia kwa nguvu zake zote. Na anayekimbia kwa nguvu zake zote huenda upesi. Polepole wasikilizaji walizisahau nguvu, wakaukumbuka upesi peke yake. Ndivyo neno lililokuwa la nguzo lilivyogeuka kuwa la farasi.

Msomaji akiona jambo hili ni la ajabu, na asikilize maneno ya kinywa chake mwenyewe. Twasema kukaza kamba, twasema kukaza fundo, na hapo kukaza ni kufanya kitu kisitikisike. Lakini msafiri akiyaona mawingu ya mvua yakikusanyika, twamwambiaje? Twamwambia: "Kaza mwendo!" Hatumwambii asimame, twamwambia aende upesi zaidi. Neno ni lile lile la kamba na fundo, nalo limepata miguu. Vivyo hivyo mama anayejifunga kibwebwe kiunoni hajifungi ili akae kitako. Anajifunga ili aifanye kazi kwa bidii. Kumbe Mwingereza na Mswahili, ingawa hawakushauriana, wamepita njia moja: kutoka kukaza hadi kwenda mbio.

Mjerumani naye alikuwa na neno hilo hilo, lakini alipotea njia nyingine. Kwake leo "fast" ni "karibu", kama tunaposema kwamba karibu wote wamekwisha kufika. Mwanafunzi atakayejifunza Kijerumani siku moja asije akanaswa na mtego huo.

Maana zilizobaki ni rahisi kuzieleza. Saa inayokwenda upesi mno hutangulia. Na tangu karne ya 18 Waingereza walimwita "fast" mtu anayeyakimbilia maisha kwa pupa, anayetumia fedha, usiku na afya yake kama kwamba havina mwisho. Katika karne ya 20 Wamarekani walizidi kutuchekesha, wakaita "fast food" chakula kinachopikwa na kuliwa kwa haraka. Tazameni mchezo wa lugha: kwa neno lile lile linalomtaja mtu asiyekula, wamekipa jina chakula kinacholiwa mbiombio.

Kufunga ni kushika

Sasa tufike kwenye maana inayowahusu zaidi wasomaji wetu, yaani kufunga chakula.

Ushahidi wa kale tunaupata kwa Wagothi, taifa lililokaa karibu na mto Danube. Katika karne ya 4 askofu wao, jina lake Wulfila, aliifasiri Biblia katika lugha yao. Yeye alifuata mafundisho ya Ario, ambayo Kanisa lilikuwa limekwisha kuyakataa katika Mtaguso wa Nisea mwaka 325. Lakini kazi yake ya lugha inatufaa wote. Katika tafsiri hiyo neno "fastan" latumika kwa mambo mawili: kuzishika amri, na kufunga chakula. Basi kwa Wagothi, aliyefunga alikuwa mtu anayeshika. Alijishika mwenyewe, alilishika agano lake, hakuliachia.

Mwaka 596 Papa Mtakatifu Gregori Mkuu aliwatuma wamonaki kutoka Roma waende kuwahubiria Waingereza, wakiongozwa na Mtakatifu Augustino wa Canterbury. Walifika katika nchi ya Kent mwaka 597. Wamonaki hao walikuja na Kilatini chao, na maneno mengi ya Kanisa yameingia katika Kiingereza kwa mlango huo: Misa kwa Kiingereza ni "mass", na asili yake ni "missa" ya Kilatini. Lakini kwa kufunga, Waingereza hawakuliazima neno la Kilatini, "jejunium". Waliendelea na neno la nyumbani, lile la nguzo na fundo.

Je, sisi hatukufanya vile vile? Tumepokea Misa, tumepokea Ekaristi, tumepokea Kwaresima, ambalo latoka katika Kilatini "Quadragesima", yaani ya arobaini. Lakini tendo lenyewe twaliita kufunga, kwa neno letu wenyewe. Waislamu wa pwani nao, ingawa wanalo neno saumu la Kiarabu, husema kufunga Ramadhani. Na kufunga ni neno la namna gani? Twafunga mlango, twafunga mzigo, twafunga mbuzi asiingie katika shamba la jirani. Bwana arusi na bibi arusi hufunga ndoa mbele ya padri, na fundo hilo halifunguliwi na mwanadamu. Popote pale, kufunga ni kukiimarisha kitu kilichoweza kupotea.

Hapo pana jambo la kutafakari. Katika Kilatini, neno "jejunus" ni la mtu mwenye njaa, mwenye tumbo tupu. Hata madaktari huiita "jejunum" sehemu moja ya utumbo mwembamba, kwa sababu waganga wa kale walipoipasua maiti waliikuta tupu. Kilatini, basi, kimelitazama tumbo. Kiingereza na Kiswahili vimeutazama moyo. Kwetu sisi aliyefunga si mtu aliyekosa kitu, bali ni mtu aliyekaza kitu. Tumbo laweza kuwa tupu kwa sababu ya vita, ya ukame au ya umaskini, na hilo si kufunga. Hilo ni njaa, na njaa ni adui wa kupigwa vita. Anayefunga ni yule aliyekiona chakula, akaweza kukila, lakini akajishika.

Chakula cha asubuhi

Kutoka kwa kufunga, lugha mbalimbali zimepata jina la chakula cha asubuhi. Tangu karne ya 15 Mwingereza husema "breakfast", ambalo ni maneno mawili yaliyounganishwa: kuvunja, na kufunga. Sisi husema kifungua kinywa. Mmoja avunja, mwingine afungua, lakini wazo ni moja: usiku wote mtu hakula, na asubuhi mfungo wake wakoma.

Kifaransa nacho kilifuata njia hiyo, na hapa wanafunzi wetu watashangaa. Maneno "déjeuner" na "dîner", wanayoyajua tangu shule ya msingi, yametoka yote mawili katika kitenzi kimoja cha Kilatini, "disjejunare", yaani kuuacha mfungo. Baadaye yalitengana, kila moja likapata saa yake. Tena saa hizo hazifanani kila mahali. Nchini Ubelgiji "déjeuner" ni chakula cha asubuhi na "dîner" ni cha adhuhuri. Huko Paris "déjeuner" ni cha adhuhuri na "dîner" ni cha jioni. Anayealikwa na aulize kwanza mwenyeji wake ni mtu wa wapi, asije akakuta meza imekwisha kuondolewa.

Kwa Wakristu wa zamani jina hilo la kuvunja mfungo lilikuwa la kweli kabisa. Kabla ya mwaka 1953, aliyetaka kupokea Komunyo Takatifu hakuruhusiwa kula wala kunywa kitu tangu usiku wa manane, hata tone la maji. Mtu aliyetoka katika kijiji cha mbali aliianza njia kungali giza, akatembea, akasikiliza Misa, akapokea Komunyo, ndipo akafungua kinywa. Baba Mtakatifu Pio XII, mwezi wa Januari mwaka 1953, alitangaza kwamba maji hayavunji mfungo huo, akawapunguzia mzigo wagonjwa, wenye kazi nzito na wenye safari ndefu. Mwaka 1957 aliuweka mfungo huo kuwa wa saa tatu kwa chakula na vileo, na wa saa moja kwa vinywaji vingine. Mwaka 1964 Papa Paulo VI aliuweka kuwa wa saa moja, na ndivyo ulivyo hadi leo. Maji na dawa haviuvunji.

Saa moja! Wazee waliozipita zile njia za usiku huenda wakatabasamu. Lakini sheria haikupunguzwa ili mioyo ilegee. Kamba imefupishwa, fundo ni lile lile.

Kufunga kunakofungua

Kwa Kanisa la Kilatini, siku za kufunga zilizobaki katika sheria ni mbili kila mwaka: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Aliyetimiza miaka 18, na ambaye hajauanza mwaka wake wa 60, hula mlo kamili mara moja tu, na kidogo asubuhi na jioni. Waalimu wa maadili wa Kanisa wamefundisha pia kwamba sheria hii haimbani mgonjwa, wala mama mwenye mimba au anayenyonyesha, wala maskini ambaye hata siku nyingine hapati mlo kamili. Kanisa ni mama, halimnyang'anyi mwenye njaa kile kidogo alicho nacho.

Jambo hili twalisema kwa kusudi. Katika nchi yetu familia nyingi hula mara moja tu kwa siku, nao hawakuchagua. Lingekuwa jambo la aibu kwa mtu mwenye akiba kumhubiria kufunga jirani yake ambaye chungu chake hakijapanda jikoni tangu jana. Na lingekuwa jambo la aibu zaidi kwa baba wa nyumba kuwaambia watoto wake, "Leo tunafunga," huku fedha ya unga imekwisha kunywewa. Huko si kufunga. Huko ni kuwafungia watoto mlango wa chakula, na Mungu halipokei sadaka yake.

Nabii Isaya, katika sura ya 58, alikwisha kusema wazi ni kufunga gani kunakompendeza Mungu. Watu wa wakati wake walijinyima chakula, wakavaa magunia, kisha wakawaonea wafanyakazi wao na kugombana. Nabii akawaonyesha kufunga kwa kweli: kuvifungua vifungo vya uovu, kuwaachilia walioonewa, kumgawia mkate mwenye njaa, kumkaribisha nyumbani asiye na makao. Kiswahili chatusaidia kuliona jambo hili kuliko lugha nyingi, kwa sababu kufunga na kufungua ni shina moja. Anayefunga kwa haki hujifunga mwenyewe, na papo hapo humfungua mwenzake. Sahani niliyojinyima ikirudi kabatini ikaliwa kesho, nimeahirisha mlo tu. Ikienda kwa mjane wa jirani, au kwa wakimbizi waliofika parokiani mikono mitupu, hapo nimefunga.

Basi neno la Kiingereza la herufi nne limetufikisha mbali. Wanafunzi na walikariri hivi, nao hawatakosea: kwanza imara, kutoka imara, kushika na kufunga, kutoka imara, nguvu, kutoka nguvu, upesi. Na wakikuta neno "fast" katika kitabu, wasikimbilie maana ya upesi kabla ya kuyasoma maneno yanayolizunguka.

Wazazi nao wana la kuwaambia watoto. Siku hizi vijana wengi wanapenda ile maana ya mwisho: fedha ya upesi, cheti cha upesi, ndoa ya upesi. Historia ya neno hili yatukumbusha kwamba upesi ulizaliwa na uimara, wala haukumtangulia mama yake. Mbio za mtu asiyejua kusimama huishia shimoni. Na wahenga wetu walikwisha kusema kwamba haraka haraka haina baraka. Tuwazoeze watoto kushika kwanza: kuishika ahadi, kuushika ukweli, kuushika ulimi, hata kulishika tumbo siku ile Kanisa linapotuomba. Aliyejifunza kujifunga hivyo, tukimwambia akaze mwendo, atafika.